Taa na Mtutu

Ziko bastola zilizofungwa taa chini ya mtutu, nasi twaona hapana budi kusema neno juu yake kabla ya msiba, si baada yake. Twawasemea hasa ndugu zetu wa Kibondo na Kasulu. Vita vya Burundi na Kongo katika miaka ya 1990 viliwaleta huko wakimbizi wengi, na silaha za magendo zikavuka mpaka. Unyang'anyi wa njiani uliwaumiza wenyeji na wakimbizi pia. Hofu ya usiku huko ina sababu. Mwenye duka au mlinzi mwenye leseni halali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hatumlaumu kwa kutaka kuona gizani.

Lakini taa hiyo haiangazi ila pale mtutu unapoelekea. Asikiaye kishindo nyuma ya migomba, akamulika ili amjue mtu, amekwisha kumlenga kabla ya kumjua. Na huenda huyo ni jirani arudiye msibani, au mwanawe mwenyewe aliyetoka nje kwa haja. Gobore lililofungwa tochi lina hatari hiyo hiyo.

Tena liko jambo la kidole. Swichi za taa nyingine hukaa karibu na kifyatulio, na mtu aliyeshtuka hukaza vidole vyote pamoja. Mwaka 2010, mjini Plano, katika jimbo la Texas huko Marekani, askari polisi alimwua mtu kwa risasi, kisha akaeleza kwamba alikusudia kuwasha taa. Naye alikuwa amefunzwa kazi hiyo! Seuze mlinzi aliyeonyeshwa silaha asubuhi na kukabidhiwa lindo jioni?

Twashauri mlinzi awe na tochi ya mkononi, mbali na silaha. Amulike kwa hiyo, aite, angoje jibu, na kidole kikae nje ya kifyatulio. Taa ya bastola isitumiwe kutafuta funguo wala kumtambua mgeni.

Mabalozi wa mashina walizungumze jambo hili katika mikutano yao. Na waajiri wa walinzi wa usiku waulizwe mbele ya wafanyakazi: ni nani kati ya walinzi hao aliyezoezwa kutumia silaha gizani, na lini?