Kompyuta ya Ofisi: Kukodi au Kununua, Usiamue kwa Sababu ya Kodi Peke Yake

Mfanyabiashara mdogo anayetafuta kompyuta za ofisi hakosi kukutana na ushauri huu: usinunue, kodisha, kwa sababu malipo yote ya kila mwezi hukatwa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi. Ushauri huo si uongo, lakini ni nusu ya habari, na aliyeupokea bila kuuliza nusu ya pili anaweza kujikuta amelipa zaidi huku akidhani ameokoa.

Kiswahili chenyewe hutuchanganya, maana kodi ni ya serikali na kodi ni ya pango. Hapa tutaita malipo ya kukodisha kompyuta "pango", na neno "kodi" tutaliachia Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Jambo la kwanza ambalo kila mwenye biashara anapaswa kulijua ni aina ya kodi ya mapato anayotozwa. Wafanyabiashara wengi wadogo walio watu binafsi hutozwa kodi ya makadirio, ambayo mwaka 2019 kikomo chake kilipandishwa kutoka mauzo ya Sh. milioni 20 hadi Sh. milioni 100 kwa mwaka. Kodi hiyo hupigwa kwa kuangalia mauzo. Haiangalii faida, wala haiulizi umetumia kiasi gani kwa umeme, mishahara au vifaa.

Maana yake ni nini? Chukua mathalani mama mwenye duka la steshenari, anayechapa barua na kutoa kopi, na ambaye kodi yake ni ya makadirio. Akinunua kompyuta, kodi yake haishuki hata senti moja. Akikodisha, vile vile haishuki. Kwake yeye hoja ya "pango linakatwa kwenye kodi" haina maana yoyote. Anachopaswa kupima ni bei, ubora, na matengenezo. Bahati mbaya ni mtu kama huyu ambaye hushawishika upesi, kwa kuwa neno kodi humtia hofu na neno punguzo humpa matumaini.

Hali ni tofauti kwa anayetozwa kwa faida. Kundi hili lina makampuni yote, hata kampuni ya watu wawili yenye chumba kimoja, kwani kodi ya makadirio ni ya watu binafsi tu. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Hapa ndipo swali la kukodisha au kununua linapokuwa na uzito.

Anayenunua haruhusiwi kukata bei yote kwa mkupuo kama matumizi ya kawaida. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, pamoja na magari madogo, na inaruhusu punguzo la uchakavu la asilimia 37.5 kwa mwaka kwa thamani iliyobaki. Kiwango hicho ni kikubwa. Samani za ofisi, kwa kulinganisha, hupewa asilimia 12.5.

Tufanye hesabu ya mfano. Kampuni ndogo isiyo na mali nyingine ya daraja hilo inanunua kompyuta tatu kwa jumla ya Sh. 6,000,000. Mwaka wa kwanza inakata uchakavu wa Sh. 2,250,000, mwaka wa pili Sh. 1,406,250, na mwaka wa tatu Sh. 878,906. Jumla kwa miaka mitatu ni Sh. 4,535,156, na kwa kiwango cha asilimia 30 kodi inapungua kwa takriban Sh. 1,360,000. Gharama halisi hadi hapo ni kama Sh. 4,640,000. Kompyuta bado ni mali ya kampuni, na karibu Sh. 1,465,000 za thamani hazijakatwa, zitaendelea kukatwa baadaye.

Sasa tuseme kampuni hiyo hiyo imekodisha kompyuta za aina hiyo hiyo kwa pango la Sh. 220,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 2,640,000, na kwa miaka mitatu Sh. 7,920,000. Pango lote linakatwa, hivyo kodi inapungua kwa Sh. 2,376,000. Punguzo hili ni kubwa kuliko la mnunuzi, na ndilo mwenye kukodisha atakalokuonyesha. Lakini gharama halisi imebaki Sh. 5,544,000, yaani zaidi ya mnunuzi kwa takriban Sh. 900,000, na mwisho wa mkataba kompyuta zinarudi kwa mwenyewe.

Somo hapa ni rahisi. Punguzo la kodi ni kubwa kwa sababu matumizi ni makubwa. Katika kila Sh. 100 unayotumia, serikali inakuachia Sh. 30, na Sh. 70 zinatoka mfukoni mwako. Hakuna aliyetajirika kwa kutumia mia ili arudishiwe thelathini. Aidha, kampuni isiyokuwa na faida mwaka huo haina kodi ya kupunguza mwaka huo, iwe imekodisha au imenunua.

Hata hivyo, hatusemi kukodisha ni upuuzi. Zile Sh. 900,000 ni bei ya mambo mawili. La kwanza ni matengenezo, iwapo mkataba unasema wazi kwamba mwenye kompyuta ndiye atakayezitengeneza au kuzibadilisha. La pili ni mtaji. Mwenye duka ambaye Sh. 6,000,000 zake zikiingia kwenye bidhaa zinazunguka mara kadhaa kwa mwaka na kuleta faida inayopita tofauti hiyo, atakuwa amefanya vizuri kuziacha kwenye bidhaa. Vile vile mwenye kazi ya miezi minne tu, kama ya kuingiza takwimu, hana sababu ya kununua. Lakini hizo zote ni sababu za kibiashara. Anayekodisha kwa sababu hizo ana hesabu; anayekodisha kwa sababu ya kodi peke yake hana.

Kuna mtego mwingine unaopaswa kutajwa. Ipo mikataba inayoitwa ya kukodisha ambayo mwisho wake kompyuta inakuwa yako, au inayodumu karibu maisha yote ya kompyuta hiyo. Sheria haiangalii jina la karatasi. Mkataba wa namna hiyo unaweza kuhesabiwa kuwa ni mauzo kwa mkopo: wewe unachukuliwa kuwa mwenye mali, unakata uchakavu, na katika kila malipo unakata sehemu iliyo riba tu. Aliyekata malipo yote atakuja kushtuka siku ya ukaguzi, na pamoja na kodi aliyopunguza huja riba na adhabu. Kabla ya kutia saini, soma kifungu kinachosema mali ni ya nani siku ya mwisho.

Anayenunua kwa mkopo wa benki naye asisahau kwamba riba ya mkopo uliotumika kwa biashara ni matumizi yanayokatwa kwa utaratibu wa sheria. Kwa hiyo kukosa fedha taslimu hakumlazimishi mtu kukodisha. Aweke riba ya benki na pango la mwenye kompyuta mezani, apige hesabu kwa miaka mitatu, ndipo achague.

Kwa vyovyote vile, ushahidi ni lazima. Dai risiti ya mashine ya EFD kila unapolipa, tunza mkataba, na hifadhi kumbukumbu kwa miaka isiyopungua mitano. Kompyuta inayokaa nyumbani na kutumiwa na watoto kwa masomo si ya biashara yote, na sehemu ya matumizi ya nyumbani isidaiwe kama matumizi ya biashara.

Maoni yetu ni kwamba, kwa mfanyabiashara mdogo mwenye kazi ya kudumu na uwezo wa kulipa, kununua ndiyo njia ya kuanzia, na anayetaka kumtoa hapo alete hesabu na siyo maneno. TRA nayo ingefanya vyema kuweka katika kila ofisi ya wilaya karatasi moja ya mfano kama huu, kwa Kiswahili chepesi. Mwenye duka akijua anatozwa kodi gani na kwa msingi gani, hatakuwa rahisi kuuziwa punguzo asilokuwa nalo.