Kicheko cha Punch na Msomaji wa Tudor

Wapo wahakiki waliozoea kulitaja jarida la Punch la London kila inapozungumzwa tashtiti ya kisasa, kana kwamba watu waliotawaliwa na Uingereza walifunzwa kucheka siku ile ile walipofunzwa kutii. Rai hiyo ina chembe ya ukweli. Punch lilianzishwa mwaka 1841, na miaka miwili baadaye ndilo lililolipa neno katuni maana lililo nayo leo, yaani mchoro wa kuyadhihaki mambo ya siasa. Lakini chembe si pishi. Anayelifanya jarida hilo kuwa kigezo cha tashtiti hana budi kulijibu swali ambalo msomaji wa Tudor, katika kisiwa cha Mombasa, ana haki ya kuliuliza mapema: anayechekwa ni nani, na je, amepewa kinywa cha kujibu?

Msomaji huyo ana sababu ya kuuliza. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, iliiendesha shughuli yake ya pwani na bara kutoka Mombasa. Ilipojaribu kuishika Uganda ililemewa na gharama, ikatangaza nia ya kuondoka. Ndipo Oktoba 1892 Punch likachapisha mchoro wa ndovu mweupe, ambaye kwa Waingereza ni mfano wa mali inayomla mwenyewe kuliko inavyomfaa. Ndovu huyo ndiye Uganda, na mwenye kumfuga, aliyeshindwa naye, anamnadi. Aprili 1894 jarida likachora tena. Safari hii Uganda ni mtoto mchanga mweusi aliyetupwa mlangoni, na John Bull, mfano wa Uingereza, anamtazama kwa uchovu wa mzazi mwenye watoto tele. Miezi michache haikupita kabla ya Uganda kutangazwa kuwa nchi lindwa.

Watetezi wa michoro hii hudai kwamba aliyekejeliwa humo ni John Bull mwenyewe, na kwa hiyo Punch lilikuwa likiukosoa ubeberu. Dai hilo halisimami. Kilichotiwa kasoro ni hesabu, wala si haki. Mchoro unauliza kama mnunuzi atazimudu gharama, hauulizi muuzaji aliipataje bidhaa. Katika picha ya kwanza nchi nzima yenye wafalme, mabaraza na vita vyake imefanywa mnyama. Katika ya pili imefanywa mtoto asiye na mama, ili kumnyakua kuonekane kuwa ni huruma. Kejeli ya namna hii haiupunguzii ubeberu nguvu hata kidogo. Huupa uso wa mzee mwema anayelalamika kidogo na kuubeba mzigo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Punch halikujua kutenda vingine. Mwaka 1843 jarida hilo hilo lilichapisha utungo wa Thomas Hood kuhusu mwanamke maskini wa London anayeshona mashati kwa ujira wa njaa. Utungo ule ulimpa mshonaji sauti yake, na wasomaji wengi wakaona haya. Kwa hiyo uwezo wa kumwona mnyonge kuwa mtu ulikuwapo. Ulichokosa ni nauli ya kuvuka bahari. Mshonaji wa London alisema, ilhali Uganda ya 1894 ililia tu.

Karne moja kasoro haikuubadili mwendo huo. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971, Alan Coren aliandika katika Punch mfululizo wa hotuba za kubuni za rais huyo, na mwaka 1974 zikakusanywa kuwa kitabu. Amin alistahili kila shutuma. Lakini kiini cha kicheko katika hotuba zile si mauaji. Ni Kiingereza kilichovunjwavunjwa. Msomaji anaalikwa kucheka kwa sababu mtu mweusi anaongea vibaya lugha ya wenyewe, na kicheko hicho kinamgusa karani wa Mombasa na mwanafunzi wa Kampala kabla ya kumgusa dikteta. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia wa Uganda aliyeandika kwa Kiganda, aliuawa na utawala wa Amin. Huyo ndiye aliyeilipia kalamu yake. Hotuba za London hazikumgharimu mwandishi wake kitu.

Itaulizwa kigezo kingine ni kipi. Kipo, na hakiko mbali. Kutoka Tudor hadi Mji wa Kale ni mwendo wa mguu, na katika mji huo ndiko alikotunga Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Muyaka aliwatetea Wamazrui na kuwachoma adui zao kwa beti, lakini adui hao walikuwa na washairi wao. Zahidi Mngumi wa Lamu alimjibu, na majibizano yao yamehifadhiwa. Aliyetukanwa Mombasa alijitetea Lamu, katika lugha moja, na hadhira ile ile ikawa hakimu. Huu ndio msingi ambao wahakiki wa kigeni, na baadhi ya wenyeji waliowafuata, wameuita ugomvi wa washairi. Kumbe ni sheria ya tashtiti: usimchome mtu usiyemwachia ulimi.

Huenda ikasemwa kwamba kigezo hiki kinawalinda wakubwa, kwa kuwa nao wataomba nafasi ya kujibu. La hasha. Wakubwa hawakosi kamwe pa kujibia. Mara nyingi hujibu kwa amri. Mwaka 1992, ambao Punch lilifungwa kwa mara ya kwanza, Gado, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam, alianza kuchora katika Daily Nation la Nairobi. Kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, na sura ya rais ikaanza kuchorwa bila kufichwa. Januari 2015 The EastAfrican lilichapisha mchoro wa Gado uliomkejeli Rais Jakaya Kikwete, na mwezi huo huo gazeti hilo likapigwa marufuku Tanzania. Mwaka 2016 Gado akaondoka Nation baada ya mkataba wake kutoongezwa. Hapo kicheko kilipanda ngazi kumfuata mwenye nguvu, na mchoraji akaona gharama yake. Kumwita mchoraji kama huyo mjukuu wa Punch ni kuusahau ukoo wake wa karibu zaidi.

Kwa hiyo idara za fasihi zisiiondoe michoro ya Punch katika masomo; ziisomeshe, lakini ziiweke kando ya beti za Muyaka na michoro ya magazeti ya Afrika Mashariki, kisha zimwachie mwanafunzi apime. Ndovu na mtoto wa Punch wamekaa kimya tangu 1892 na 1894. Uhakiki unaoendelea kuusifu ustadi wa mkono uliowachora, bila kuutaja ukimya huo, nao ni sehemu ya mchoro.