Indiketa ni Kauli



Ndugu yangu dereva, na wewe wa bodaboda umo humuhumu. Leo tuzungumze jambo la kidole kimoja tu: indiketa.

Vijana wa darsa letu la baada ya Isha wamebuni magari yao. Mmoja anataka usukani ugome kukata kona mpaka indiketa iwashwe. Mwingine anataka gari lisome nia ya dereva, lijiwashie lenyewe. Tulicheka sana. Lakini huo usukani, mtoto akikurukia barabarani ukataka kumkwepa, utafanyaje? Na nia, ndugu yangu, mahali pake ni moyoni. Allah anaijua. Wa pikipiki aliye nyuma yako haijui mpaka umwambie.

Kifaa cha kumwambia si kipya. Mwaka 1914 mwigizaji wa filamu Florence Lawrence alibuni mkono wa ishara nyuma ya gari, dereva anabonyeza kitufe nao unaonyesha anakoelekea. Zaidi ya miaka 100, na bado mtu anakunja kona kwanza ndipo anawasha! Mwingine anawasha Chalinze, anaisahau mpaka Mlandizi.

Zito zaidi ni la barabara kuu. Wasafiri wanajua: lori la mbele likiwasha kushoto, maana yake pita, likiwasha kulia, usipite, kuna gari linakuja. Ni kusaidiana, nami sikatai. Ila kulia hiyohiyo huwashwa na anayekata kuingia kijijini, na kushoto hiyohiyo na anayetaka kuegesha. Taa moja, maana mbili, na wewe una abiria. Usipite kwa macho ya mwenzio. Nawe wa mbele, ukimwashia mtu kushoto apite, umemshuhudilia kuwa njia ni nyeupe. Umeiona kweli, au umechoka tu kufuatwa nyuma? Kushuhudia usichokiona hukumu yake unaijua.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa njia ina haki zake, na kuzuia maudhi ni mojawapo. Tunaokota jiwe njiani tukitaka thawabu, kisha tunaingia garini tunakuwa jiwe lenyewe.

Na mnaotoka na magari msikitini Ijumaa, pale getini hupita bodaboda na watoto wa madrasa. Washa kabla hujasogea. Sema subhanallah tatu, taratibu, ndipo ukate.