Kabla hujauza maksai ununue kiwanja cha mtandaoni



Wiki mbili kabla ya mvua za kwanza, mzee mmoja wa kata yetu alinifuata ofisini akiwa na mwanawe. Alikuwa na jambo moja tu. "Bwana shamba, huyu kijana anataka tuuze maksai wawili anunue kiwanja kwenye intaneti. Anasema bei inapanda kila mwezi. Mimi sijawahi kuona kiwanja kisichokanyagika. Nifanyeje?"

Kijana hakuwa mjinga. Amemaliza kidato cha nne, anajua simu kuliko mimi, na video alizonionyesha zilikuwa za kweli. Katika video hizo watu wanatembea katika miji iliyochorwa, wananunua nguo, nyumba na mashamba ya humo ndani kwa fedha halisi. Kwa kuwa swali hili nimeshaulizwa zaidi ya mara moja, naliandikia hapa ili tulijibu pamoja.

Msimamo wangu ni huu: dunia za mtandaoni zipo na fedha zake ni za kweli, lakini anayepata ni yule anayetengeneza na kuuza kitu. Anayenunua kiwanja na kukaa kusubiri kipande bei, mara nyingi ndiye anayemlipa huyo mwingine.

Dunia hizi zilianza lini

Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya Marekani ilifungua dunia iitwayo Second Life. Mtu anaingia kwa kompyuta, anajichagulia sura, anatembea na kufanya biashara. Wana fedha yao ya ndani, nayo inabadilishwa kuwa dola. Mwaka 2006 mwanamke mmoja aliyekuwa akiishi Ujerumani, maarufu humo kwa jina la Anshe Chung, alitokea kwenye jalada la jarida la BusinessWeek kwa utajiri wa viwanja vya humo. Hadithi yake husimuliwa nusu tu. Yeye hakununua akalala. Alinunua eneo tupu, akaligawa, akalipamba, kisha akauza na kupangisha. Alifanya kazi kama dalali na fundi ujenzi kwa pamoja.

Mwaka 2009 ukaja mchezo wa FarmVille ndani ya Facebook. Huu unatuhusu sisi, maana ulikuwa mchezo wa kilimo. Mtu analima, anapanda, anavuna, na akiona kuchelewa anatoa fedha halisi kununua vitu vya shambani. Mwaka uliofuata watu zaidi ya milioni 80 kwa mwezi walikuwa wakilima humo. Tarehe 31 Desemba 2020 mchezo ule ukafungwa kwenye Facebook, na mashamba yote yakazimika siku moja. Hakuna mkulima aliyeitwa kwenye mkutano wa kijiji kujadili.

Hapo pana tofauti kubwa na ardhi yako. Ukiwa na hati ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuna kijiji, kuna masjala, kuna mipaka na majirani wanaoijua. Huko mtandaoni kiwanja chako ni maandishi ndani ya mfumo wa mtu mwingine. Akifunga duka, umebaki na picha.

Kupanda na kushuka

Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilijiita Meta, ikatangaza kwamba maisha ya kesho yatakuwa ndani ya dunia hizi. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba eneo moja ndani ya mchezo wa The Sandbox limeuzwa kwa dola milioni 4.3. Ndiyo habari zilizosambaa, na ndizo anazozikuta kijana wako leo kwenye video za zamani. Zinazofuata hazisambazwi sana. Mwaka 2022 bei za viwanja hivyo zilianguka vibaya, na kitengo cha Meta kinachoshughulikia mambo hayo kikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 kwa mwaka huo mmoja.

Mfano wa Axie Infinity ni mzuri zaidi kwa mfugaji. Ni mchezo uliotengenezwa Vietnam, ambamo mtu anafuga wanyama wa kuchora, anawapambanisha na kuwazalisha, na anapata sarafu ya kuuza. Mwaka 2021 maelfu ya watu nchini Ufilipino waliufanya kuwa kazi. Lakini kila mchezaji alikuwa anazalisha sarafu na wanyama wale wale, huku fedha mpya ikitegemea wachezaji wapya. Wapya walipopungua, bei ikaporomoka. Machi 2022 wezi wa mtandaoni wakaingia kwenye mfumo wake na kuiba mali ya zaidi ya dola milioni 600.

Mkulima wa Singida hahitaji profesa kumweleza jambo hilo. Unajua kinachotokea pale Misuna vitunguu vikishuka vyote kwa wiki moja. Tofauti ni kwamba kitunguu kisipouzika unaweza kukila.

Sisi tumeshawahi kuliwa kwa njia hii

Usidhani haya ni ya Wazungu na Wafilipino tu. Mwaka 2009 Watanzania wengi walipoteza akiba zao katika DECI, mpango uliotumia maneno yetu wenyewe, eti unapanda mbegu kisha unavuna. Mwaka 2020 ikaja kesi ya kampuni ya Mr Kuku Farmers. Watu walitoa fedha ili wafugiwe kuku wasiowaona, wakaahidiwa faida kubwa ndani ya miezi michache. Kesi iliishia Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa mwenye kampuni kutiwa hatiani na mabilioni ya shilingi kutaifishwa.

Sisi ndio wenye kuku wa kienyeji wanaosifiwa hadi Dar es Salaam. Tunajua kideri kikiingia kijijini kinafagia banda kwa siku chache. Mtu anayekuahidi faida isiyobadilika kutokana na kuku, bila kutaja chanjo, chakula wala vifo, hafugi kuku. Na anayekuahidi faida isiyobadilika kutokana na kiwanja cha mtandaoni ni ndugu yake.

Kuna wanaosema, "Mbona serikali inatoza kodi mali hizi, si maana yake zimeruhusiwa?" Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 sheria ya fedha imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Lakini kutozwa kodi si dhamana. Benki Kuu ilitoa tangazo mwaka 2019 kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini. Hata ushuru wa gunia unalipa, na gunia likioza halmashauri haikurudishii.

Hoja ya kijana, na mahali alipo sahihi

Yule kijana alinijibu vizuri. Alisema, "Hata M-Pesa ilipokuja mwaka 2008, wazee mlisema ni utapeli." Ni kweli, wengine tulisema hivyo. Nikamuuliza kwa nini tuliacha kusema. Tuliacha kwa sababu mtu alituma shilingi elfu kumi kutoka Dar es Salaam, na bibi akaitoa kwa wakala hapo hapo senta siku ile ile. Hakuambiwa asubiri miezi sita, wala hakuambiwa alete watu watano kwanza. Kipimo kile kitumie hapa pia.

Upande mwingine yuko sahihi kabisa: dunia hizi zinakua. Minecraft ilipofika 2023 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 300. Roblox mwaka huo ilikuwa ikipata wastani wa watu zaidi ya milioni 65 kila siku, wengi wao watoto na vijana, na iliwalipa watengenezaji wa michezo na vitu vya humo zaidi ya dola milioni 700. Hizo fedha walilipwa waliochora na kuandika programu. Jirani zetu Nairobi wana kampuni kama Black Rhino VR, inayolipwa kwa kutengeneza picha za kuzungukia pande zote. Ni ufundi, kama useremala.

Lakini tuambiane ukweli wote. Sehemu kubwa ya fedha za Roblox huenda kwa watengenezaji wachache wa juu. Ili utoe fedha lazima kwanza uwe umepata Robux 30,000, ambazo ni kama dola mia moja na ushee, na wengi hawafiki hapo. Unahitaji kompyuta, umeme, bando na miezi mingi ya kujifunza. Programu za kujifunzia, kama Roblox Studio na Blender ya kuchorea maumbo, ni za bure. Kwa hiyo kama kijana ana hamu, mtaji wake wa kwanza ni muda wake na kompyuta ya kuazima au ya kituo cha mafunzo. Maksai hawahitajiki hapo.

Soko lisilo na uwanja lililo karibu nawe

Kwa wewe usiye na mpango wa kuchora michezo, kuna somo moja la kuchukua. Watu wamezoea kununua kitu walichokiona kwenye kioo. Mnada wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX, unafanya kazi hivyo kwa ufuta, choroko, dengu na mbaazi. Mnunuzi anaweka bei akiwa kwenye kompyuta yake bila kukanyaga ghala. Kinachofanya mnada ule usiwe ndoto ni kwamba nyuma ya kioo kuna gunia, limepimwa, limewekwa daraja na lina stakabadhi.

Fanya hivyo hivyo kwa kiwango chako. Piga picha ya kuku, asali au mafuta ya alizeti mchana kwenye mwanga. Andika uzito kwa kilo, bei, mahali ulipo na siku mzigo utakapoondoka. Usiandike "gunia" huku umefunga lumbesa. Mnunuzi wa Dodoma akipokea alichokiona kwenye picha, atarudi. Akikuta tofauti, atawaambia kundi zima.

Maswali matano kabla hujatoa shilingi

1. Nyuma ya picha kuna nini? Kama hakuna gunia, mnyama, kazi au huduma unayoweza kuitaja, simama.

2. Fedha ya faida inatoka kwa nani? Ikiwa inatoka kwa watu wapya wanaojiunga, huo ni upatu, na kuendesha upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai.

3. Naweza kuitoa leo? Weka kiasi kisichozidi bei ya jogoo mmoja, kisha kitoe chote kabla hujaongeza. Ukiambiwa ulipe ada ili ufungue fedha yako, umeshaibiwa. Usiongeze hata senti. Na ukifanikiwa kutoa mara ya kwanza, usilewe. Matapeli wengi hulipa kidogo mwanzoni kama chambo.

4. Nani anamiliki nikikosana nao? Tafuta jina la kampuni, nchi yake na masharti yake. "Admini wa grupu" si kampuni.

5. Nikipoteza yote, msimu utaendelea? Maksai, mbegu, ada ya shule na mkopo wa VICOBA havichezewi. Ukiuza maksai Novemba, Desemba utalima kwa mkono au utakodi plau, na shamba la ekari sita litakuwa la ekari mbili. Hiyo ni hasara ya uhakika hata kabla kiwanja hakijashuka bei.

Ukipata ujumbe wa utapeli kwenye simu, utume kwenda namba 15040 ya TCRA, na kama umeshaibiwa nenda polisi mapema na kumbukumbu za miamala. Usione aibu. Aibu yako ndiyo inayompa tapeli nafasi ya kwenda kijiji cha pili.

Yule mzee alifanya nini

Maksai hawakuuzwa. Tulikaa chini ya mwembe na daftari, tukahesabu ekari ambazo zisingelimwa. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hesabu hiyo hakuwahi kuifanya. Baba naye nikamwambia asimkatishe tamaa, kwa sababu mtoto aliyefungiwa mlango huingilia dirishani usiku, na akiba ya nyumba huondoka naye. Wakakubaliana wauze kuku kumi, kijana akalipie mafunzo ya kompyuta mjini.

Mpaka leo hajapata hata dola moja kutoka dunia za mtandaoni, na sitaki kuwadanganya. Anachofanya ni kupiga picha na kupima kuku wa majirani zake, anawaunganisha na wanunuzi wawili wa Dodoma, na anachukua kamisheni ndogo kwa kila kuku. Jioni anaendelea kujifunza kuchora. Huenda siku moja kazi yake ikanunuliwa na mtu wa mbali asiyemjua. Ikifika siku hiyo, atakuwa anauza yeye.

Mvua zimekaribia. Andaa shamba mapema, chanja kuku dhidi ya kideri, na mtu akikuletea habari ya kiwanja cha mtandaoni, msomee yale maswali matano kwa sauti. Ukikwama, pita ofisi ya kata tulijadili kabla hujatoa fedha, maana baada ya hapo msaada wangu ni mdogo sana.