MTIHANI WA MAAFISA UNATUHUSU SISI



Kuna neno linalosemwa huku Spring Valley, jikoni mwa mahoteli, langoni kwa askari wa usiku, na njiani jioni watu wanaporudi Kangemi. Linasema hivi: karani au mpishi akianza kusomea mtihani wa wataalamu wa rasilimali watu, huyo ameshahamia upande wa tajiri. Wengine wanasema mtihani huo ni mambo ya wenye tai, mfanyakazi haumhusu. Chama hakiwezi kulinyamazia neno hili. Ni neno la hasara, na anayefaidika nalo ni mwajiri peke yake.

Kwanza tuelewane mtihani wenyewe ni nini. Mwaka 2012 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu. Sheria hiyo iliipa nguvu Taasisi ya wataalamu hao, ikaweka Bodi ya kuwatahini, na ikaweka kamati ya nidhamu kwa mtaalamu anayekosa. Kati ya masomo yanayotahiniwa zimo sheria za kazi na uhusiano wa mwajiri na wafanyakazi. Basi, ndugu yangu, kinachotahiniwa pale ni wewe. Ni mshahara wako, likizo yako, barua yako ya onyo, na namna ya kukufukuza. Utasemaje haikuhusu?

Tazameni hata jina walilotupa. Rasilimali, kwa Kiswahili cha wazee, ni mtaji wa mfanyabiashara, yaani fedha na mali anazoanzia biashara. Leo na sisi tumeandikwa katika daftari hilo. Jina hilo hatulipendi, lakini kulichukia jina hakumrudishi mtu kazini. Kinachomrudisha ni kuijua sheria.

Chukueni kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kinasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya makosa, utendaji mbaya au afya, lazima amweleze sababu KWA LUGHA ANAYOIFAHAMU. Tena mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama pale kazini, amchague mwenyewe. Na mwajiri lazima awasikilize wote wawili kabla ya kukata neno. Kifungu cha 43 kinaongeza kuwa kesi ikifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha sababu ya kumfukuza mtu.

Sasa mambo huwaje? Afisa aliyefaulu mtihani kwa Kiingereza anasoma mashtaka kwa Kiingereza. Mtunza bustani anatazama chini. Mjumbe wetu yupo, lakini hajui la kusema, kwa maana kifungu hicho hajapata kukisoma. Dakika kumi zimekwisha, karatasi imetiwa sahihi, na mtu wa miaka minane kazini yuko nje ya lango na mfuko wake. Baadaye tunalia kwamba sheria ni ya matajiri. La, ndugu. Siku hiyo sheria ilikuwa yetu, lakini mle chumbani hapakuwa na mtu wa kuisema.

Kwa hiyo tunasema wazi: mwanachama anayesomea mtihani huu si msaliti. Msaliti ni yule anayejua sheria na kuwaficha wenzake.

Wanaopinga na wakumbuke historia ya jirani hapa. Tom Mboya alisomea kazi ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, akahitimu mwaka 1950. Mahali pale leo pana Kenya School of Government, juu kidogo ya Spring Valley kwa barabara ya Lower Kabete. Mwaka 1955, hali akiwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, alikwenda Ruskin College, Oxford, akasoma mambo ya uhusiano wa wafanyakazi na waajiri. Masomo hayo hayakumfanya mtumishi wa mabwana. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini. Aliyesoma alikaa mezani na waliosoma.

Lakini ninyi mnaojiandaa kwa mtihani, nanyi mna neno lenu. Wengi wenu mnakariri majibu ya mitihani iliyopita, kama kasuku. Mtu wa namna hiyo hupata cheti, akakitundika ukutani, kisha akamfukuza askari kwa ujumbe wa simu. Cheti hicho ni mapambo tu. Someni Sheria yenyewe. Kisha kila kifungu mkieleze kwa Kiswahili kwa mpishi au dereva, naye awaulize maswali. Akikuelewa, umejua. Asipokuelewa, rudi kitabuni, hata kama mtahini angekupa alama zote.

Jaribuni kwa jambo moja: kupunguzwa kazini. Si sawa na kufukuzwa kwa kosa. Kifungu cha 40 kinataka chama na ofisa wa kazi wa Serikali wapewe habari mwezi mzima kabla. Kinataka wanaopunguzwa wachaguliwe kwa kutazama muda wao kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wao, si kwa chuki ya msimamizi. Kinataka malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mtu wa miaka minane ana siku zisizopungua 120. Ni hesabu ya mtoto wa shule, lakini asiyeijua hupokea bahasha yoyote na kusema asante.

Na ninyi wa majumbani, msidhani mmesahauliwa. Katika nyumba za Spring Valley hakuna afisa wa cheti. Mama mwenye nyumba ndiye afisa, ndiye shahidi, ndiye hakimu. Lakini Sheria ya Ajira haikuwaacha nje. Kifungu cha 41 ni chenu pia, hata kama kikao kinafanyika jikoni.

Basi chama kifanye nini? Tunaleta mambo manne mbele ya mkutano wa tawi:

1. Lianzishwe darasa la jioni la wajumbe wote, mara moja kwa juma, wasome Sheria ya Ajira na Sheria ya Uhusiano wa Kazi, zote za mwaka 2007, kwa Kiswahili.

2. Sehemu ya michango yetu ilipe ada ya mtihani kwa wanachama wachache kila mwaka, kwa sharti kwamba watafundisha darasa hilo.

3. Barua ya mashtaka iandikwe kwa lugha anayoifahamu mfanyakazi. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya mwaka 2010. Hatuombi hisani.

4. Afisa anayeongoza kikao cha nidhamu aulizwe kwa adabu kama ameandikishwa na Taasisi. Akivunja kanuni za kazi yake, chama kipeleke malalamiko huko huko.

Tajiri hukodi mwanasheria kwa siku moja. Sisi hatuna fedha hizo, lakini tuna jioni, tuna macho, na tuna wenzetu. Mjumbe atakayeingia chumbani akitaja kifungu cha 41 kwa Kiswahili safi ataokoa mkate wa nyumba nzima.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Mpe mwenzako.

UMOJA NI NGUVU.

Mjumbe wa Tawi