Boma na Bati

Bajeti ikisomwa Dodoma, hakosi mtu wa kusema kwamba Serikali haina kazi ya kumjengea mtu nyumba. Mwingine humjibu kwamba nyumba za gharama nafuu ni haki ya kila mwananchi. Mimi niliyefundisha shule za Ufipa hadi nikastaafu naona kwamba wote wawili hawajafika huku kwetu.

Nianze na yule wa kwanza. Serikali imekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 1962, lilipoundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1972 ikaanzishwa Benki ya Nyumba, nayo ikafa mwaka 1995, mikopo mingi haijarudishwa. Kuanzia mwaka 2002 nyumba za Serikali zikauzwa kwa watumishi wake. Nyumba zile zilijengwa kwa jasho la walipakodi, mkulima akiwamo. Sikumsikia bwana huyu akilalamika siku ile.

Huyu wa pili namuuliza: nafuu kwa nani? Familia 644 za Magomeni Kota, Dar es Salaam, zilizohamishwa mwaka 2011, zilijengewa magorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022. Siwaonei wivu, waliahidiwa, wakangoja miaka mingi. Lakini nyumba nyingine za kuuzwa hununuliwa kwa mkopo wa benki, na benki hutaka mshahara. Mkulima wa Laela au Matai hana mshahara, ana msimu.

Ndugu msomaji, Mfipa hangoji kujengewa. Mavuno yakiisha hufyatua matofali, hupanga tanuru, huchoma, na kwa msaada wa majirani ukuta hupanda hadi usawa wa linta. Hapo ndipo nyumba hukwama. Udongo ni wa bure na mikono ni yake, lakini bati, misumari na saruji ni vya dukani, tena vina kodi ndani yake. Bei ya mahindi ikianguka, boma hukaa wazi, na mvua za Novemba hadi Aprili hulila tofali kwa tofali. Nina jirani ambaye boma lake limeonja mvua za misimu minne. Watoto wake walikuwa wakubwa wa kutosha kubeba matofali yake. Sasa wana umri wa kuhama.

Dawa yake tunaijua. Kwa shule na zahanati tumeambiwa mara nyingi: wananchi, inueni boma, Serikali itapaua. Nimesimamia maboma ya madarasa ya namna hiyo, na watoto wakasomea humo. Kwa nini utaratibu huo ukome kwenye uzio wa shule? Halmashauri ipime kiwanja, mkulima ainue boma, fundi wa wilaya alikague, kisha mwenye nyumba akopeshwe mbao za kenchi na bati, alipe kila avunapo.

Najua nitaambiwa kwamba hawatalipa, kama ilivyokuwa kwa Benki ya Nyumba. Basi majirani watano wadhaminiane, na asiyelipa azuie zamu ya mwenzake. Kijijini deni la namna hiyo halifichiki, maana bati linaonekana toka barabarani.

Fedha ya umma inayomalizia maboma kumi ina kazi kubwa kuliko ile inayojenga nyumba moja ya kupigiwa picha. Waheshimiwa wabunge wetu wakalisemee hilo, kabla mvua nyingine haijaanza.