NILIPOINGIA KANISA KUU LA CANTERBURY



Ndugu zangu, jambo hili nimekaa nalo siku kadhaa kabla ya kuandika, maana linaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita ndugu yetu mmoja anayeishi Uingereza alinipigia simu. Shule ya mwanawe inawapeleka watoto kuliona kanisa kuu la Canterbury kwa somo la historia. "Sheikh, nimruhusu?" Nilikuwa safarini, nikajibu mbio mbio: haramu, abaki. Wenzake wote wakaenda, yeye akashinda peke yake ofisini kwa mwalimu akipaka picha rangi.

Mwezi uliopita nilialikwa huko kwa darsa, na mwenyeji wangu akawa ndugu huyo huyo. Nikamwambia, nipeleke hilo kanisa nilione.

Asili yake ni mwaka 597, alipofika mtawa Augustine aliyetumwa na Papa Gregory kutoka Roma. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa bado hajapewa utume. Leo ndilo kanisa mama la Waanglikana, na wengi niliowakuta ndani wameshika kamera, si vitabu vya sala. Humo, Desemba 29, 1170, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa na watu wanne wa Mfalme Henry wa Pili. Mwaka 1173 akatangazwa mtakatifu, na kwa karne nyingi watu wakamiminika kwenye kaburi lake wakitaka kuponywa. Ngazi za mawe zimelika kwa miguu na magoti yao. Nimeziona. Mwaka 1538 Henry wa Nane akaamuru kaburi livunjwe. Sasa pamebaki sakafu tupu na mshumaa mmoja unaowaka.

Hapo ikanijia hadithi ya Ummu Habiba na Ummu Salama (r.a.). Walimsimulia Mtume (s.a.w.) kanisa waliloliona Uhabeshi, uzuri wake na picha zake. Naye akaeleza kwamba watu wale, akifa mja mwema wao, hujenga mahali pa ibada juu ya kaburi lake na kuweka picha hizo, na akawalaumu vikali. Nimeisomesha hadithi hii mara ngapi! Sikuwahi kuifahamu kama nilivyoifahamu mbele ya zile ngazi. Na tazameni: mama zetu wale walikuwa wameliona kanisa, wakausifu uzuri wake, na lawama haikuwaangukia wao.

Na tusiwacheke Waingereza. Huku kwetu pwani wapo wanaobeba ubani na kitambaa kwenda kumwomba aliyelala kaburini amponyeshe mtoto. Ni ngazi tu ambazo hazijalika.

Ama hukumu ya kuingia, wanavyuoni wamekhitalifiana. Imepokewa kuwa Umar (r.a.) alikataa kuingia makanisani kwa sababu ya picha, na kuwa Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akiswali kanisani ila lenye masanamu. Wapo waliosema makuruhu, wapo walioharamisha, wapo walioruhusu. Canterbury ina picha madirishani, sifichi. Anayeshika kauli ya Umar ana hoja nzito. Kushiriki ibada yao hilo halina mjadala, haifai. Lakini mimi nilimpa yule baba kauli moja kana kwamba hakuna nyingine, na wala sikumuuliza mtoto anakwenda kufanya nini. Alikuwa anakwenda na daftari na penseli. Mufti wa kwenye simu, tena yuko njiani, ni hatari.

Usiku ule nilimwita kijana, sasa ana miaka kumi na mmoja, nikamtaka radhi mbele ya baba yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sheikh, ni kweli ngazi zimelika katikati?" Jumamosi tukaenda naye. Akaziinamia, akapitisha kidole kwenye jiwe, akaandika.

Wallahu aalam.